Jiko lilihitaji watu sita, nikapeleka ishirini na sita

Basi la shule liliposimama siku ile ya kwanza mbele ya jiko la jamii, lile linalowalisha wenye njaa, mpishi mkuu alitoka nje na mwiko mkononi, akasimama mlangoni kutuangalia tukishuka. Tulishuka, tukazidi kushuka. Wanafunzi 26, wote na fulana nyeupe zilizopigwa pasi, na mimi mwalimu wao wa dini nyuma kabisa na daftari la mahudhurio kwapani. Yule mama alituhesabu kwa macho, kisha akaniuliza, kwa upole ambao leo najua aliulazimisha: "Mwalimu, hawa wote wamekuja kula au kufanya kazi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Sasa ni mwaka wa tatu tunakwenda pale kila Alhamisi, na walimu wenzangu wa shule nyingine za Kikatoliki huniuliza tunafanyaje. Kwa muda mrefu nilikuwa nawajibu kwamba huduma inawajenga vijana, basi. Inawajenga, sikatai. Lakini mwaka wa kwanza tulilisumbua lile jiko kuliko tulivyolisaidia, na karibu makosa yote yalikuwa yangu, watoto walifuata tu nilichopanga. Afadhali niyaseme.

Chanzo kilikuwa Kipaimara, sakramenti ya kumwimarisha Mkatoliki katika imani. Shule iliweka sharti kwamba kila mwanafunzi anayejiandaa afikishe saa 20 za huduma kabla ya Askofu kuja. Darasani tulikuwa tumemaliza matendo saba ya huruma ya kimwili, na la kwanza katika orodha ni kuwalisha wenye njaa. Nikaona hili jepesi. Nikapiga simu moja, aliyepokea akasema "karibuni sana", nikakata. Sikuuliza karibuni siku gani, saa ngapi, wangapi, kufanya nini. Karibu ni neno ambalo hata mwenye nyumba isiyo na kiti hulisema.

Jiko lenyewe lina meko manne, masinki mawili na meza moja ndefu ya bati. Watu sita wakiwa kazini humo ndani, wanapishana kwa kugeuza bega. Nusu saa baada ya sisi kuingia, vijana tisa walikuwa wameegemea ukuta hawana la kufanya, wanne wanagombea kisu kimoja kinachokata, na wawili wamemenya viazi kwa namna ambayo ganda lilibaki na nyama kuliko kiazi. Mpishi mkuu aliacha masufuria yake akawa anazunguka kututafutia kazi. Kumtafutia mtu kazi nayo ni kazi, tena nzito kwa mtu ambaye ana watu zaidi ya 100 wa kulisha saa saba. Siku hiyo chakula kilitoka saa nane kasorobo. Wenye njaa tuliokwenda kuwalisha, tuliwachelewesha kula.

Na bado sijafika kwenye picha. Nilikuwa nimemkabidhi kijana mmoja simu yangu apige picha za jarida la shule. Alipiga nyingi, nzuri. Katikati ya ugawaji, mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akainua sahani tupu akajifunika nayo uso. Hakusema neno. Alipokea chakula chake hivyohivyo, sahani usoni mpaka alipofika mbele kabisa, akaishusha, akapewa, akaondoka ameinamisha kichwa. Yule kijana aliendelea kupiga kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia apige. Mimi, niliyekuwa nimewafundisha mwezi huohuo kile kifungu cha Injili cha kutoa kwa siri, mkono wa kushoto usijue la mkono wa kuume. Usiku nilizifuta zote. Tangu hapo simu zinabaki ndani ya basi, na ukitaka picha ya jarida, piga viazi.

Nilirudi peke yangu wiki iliyofuata, bila wanafunzi, kuomba radhi. Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Mpishi mkuu alinipa aproni kabla sijamaliza sentensi ya pili, akaniweka kwenye sinki la masufuria, na tukazungumza huku nikisugua. Aliniambia mambo ambayo ningeyajua kwa kuuliza maswali machache tu. Kwamba Jumatatu na Jumanne watu wa kujitolea wanatosha, wanaopungua ni wa Alhamisi. Kwamba anachokosa ni watu wa kuanzia saa mbili asubuhi, wakati wa kumenya na kukata, na watu wa kubaki baada ya chakula, wakati wa kuosha. Saa ya kugawa, ile ambayo kila kundi huitaka, ana mikono ya kutosha. "Wote mnataka kushika upawa," akasema. "Sufuria nani ataiosha?"

Nakumbuka nikiwa pale kwenye maji ya moto nilijionea aibu ya kitaaluma pia. Ni mlezi wa wanafunzi Wakatoliki shuleni, nimefundisha Ona, Amua, Tenda miaka nenda miaka rudi. Ni njia ya kuitazama hali kwanza, kuipima, ndipo ufanye kitu; ni ya Kardinali Joseph Cardijn, na Papa Yohane wa 23 aliipendekeza wazi katika waraka wa Mater et Magistra wa mwaka 1961. Naweza kuieleza usingizini. Na nilikuwa nimeanza na Tenda. Hata Frédéric Ozanam, ambaye mwaka 1833 alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 jijini Paris alipoanzisha na wenzake kile kilichokuja kuwa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, hakuvamia nyumba za watu. Yeye na wenzake walikwenda kwanza kwa Sista Rosalie Rendu, aliyekuwa akiwajua maskini wa mtaa wa Mouffetard nyumba kwa nyumba, wakajifunza kwake. Kila jiko lina Sista Rosalie wake. Wakati mwingine anavaa kanga kichwani na ana haraka, lakini ndiye unayetakiwa kumsikiliza kabla ya kukodi basi.

Tulikubaliana watu sita kwa zamu. Wanafunzi 26 niliwagawa makundi manne, mawili ya watu sita na mawili ya saba, maana hesabu ilikataa kukaa sawa. Kila kundi likawa na Alhamisi yake katika mwezi. Niliposema hivyo darasani walinung'unika, kwa sababu saa 20 zingechukua miezi kadhaa. Wazazi wawili walinipigia kulalamika. Mmoja aliuliza kama mtoto wake anaweza kumaliza saa zote katika wikiendi moja, kama mtu anayelipa deni.

Hilo la saa nalo linahitaji maneno yake. Sharti la saa lina faida: lisingekuwapo, nusu ya vijana wangu wasingekanyaga pale. Ila linawafundisha kutazama ukuta. Mwezi wa kwanza nilikuwa nagonga mhuri kwenye fomu, na kila dakika 15 kulikuwa na mtu anayeuliza kama tumefikisha mbili. Siku moja kijana alivua aproni akaiweka juu ya meza, kitunguu kikiwa nusu kimekatwa nusu hakijakatwa, kwa sababu muda wake umekwisha. Niliondoa mhuri. Tunahesabu zamu badala ya saa, na zamu inaisha sakafu ikishapigwa deki. Ikiisha mapema, sawa. Ikichelewa, basi linasubiri. Walioweka sharti niliwaandikia kwamba zamu sita nazichukulia kuwa saa 20, wakakubali bila kelele. Pengine na nyie mkiuliza mtakubaliwa.

Kabla hawajaruhusiwa kushika kisu tuliwapa asubuhi moja ya mafunzo, na ningeomba shule yoyote isiiruke hata kama inaonekana ni mambo ya nyumbani. Viatu vya kufunika vidole. Nywele ndani ya kitambaa. Kucha fupi, pete na bangili zibaki kwenye begi. Mikono kwa sabuni si chini ya sekunde 20, na muda huo ni mrefu kuliko unavyodhani: tuliwaambia wasali Salamu Maria mara mbili bila kukimbiza, wakashangaa walivyokuwa wakinawa maisha yao yote. Kibao cha nyama kisikutane na kibao cha mboga. Na mtu anayeharisha au kutapika haji, hata kama ni zamu yake ya mwisho na Kipaimara ni Jumapili. Hili la ugonjwa lilikuwa gumu kwao kwa sababu wamelelewa kuona kwamba kujikaza ni fadhila. Huwezi kumkazia mzee wa miaka 80 bakteria zako.

Kosa lililoniuma kuliko yote ya jikoni lilikuwa langu la kujifanya najua. Alhamisi moja, wiki ya sita hivi, maharagwe yalibaki: sufuria kubwa, ile ambayo watu wawili wanaibeba kwa kuhesabu moja-mbili-tatu, ikiwa zaidi ya nusu. Mpishi mkuu alikuwa ameondoka mapema kwenda hospitali kumwona mjukuu. Vijana wakaniuliza wafanyeje. Nikawaambia wayafunike vizuri wayaache jikoni yapoe, asubuhi yatapashwa. Walifunika vizuri kweli, hata wakaweka kitambaa safi juu ya mfuniko.

Asubuhi alinipigia, akaniomba nipite kabla ya vipindi. Sufuria ilikuwa katikati ya sakafu. Alifunua mfuniko bila kusema kitu. Juu kulikuwa na povu jepesi la kijivu, mapovu madogo yakipanda na kupasuka kama kitu kinachopumua, na harufu ya uchachu ikanipanda puani kabla sijainama. Katikati ya sufuria, nilipogusa kwa upande wa nje, bado kulikuwa na uvuguvugu. Saa 17 baadaye! Ndiyo tabia ya sufuria kubwa iliyofunikwa: inajitunzia joto la kitanda, na kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu vinapofurahia maisha. Tukaibeba wote wawili, moja-mbili-tatu, tukaimwaga. Chakula cha watu wasiopungua 60. Nilitaka aniseme. Hakunisema, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alichonifundisha siku ile sasa kimeandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa juu ya sinki. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto au friji zaidi ya saa mbili. Kinachobaki kinahamishiwa kwenye trei za kina kifupi, kama vidole vitatu hivi, ili kipoe haraka kiingie friji. Na kupasha moto hakusafishi kila dhambi. Wali uliokaa nje unaweza kuota bakteria wanaoacha sumu ambayo hata ukiuchemsha haiondoki, kwa hiyo ukiwa na shaka unamwaga, hata kama moyo unauma. Maharagwe mekundu nayo yana sumu yake ya asili yakiwa mabichi: yanalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa, kisha yanachemshwa kwa moto mkali wa kutokota. Moto wa pole tangu mwanzo hautoshi, na vijana waliokuwa wanapunguza gesi kwa nia njema ya kubana matumizi walilijua hilo kwa mara ya kwanza. Tulinunua kipimajoto cha jikoni kwa fedha ya mfuko wa dini. Ni kifaa kidogo, na kimetusaidia kuliko fulana zote tulizochapisha.

Halafu mgao. Kuna Alhamisi chakula kiliisha watu 14 wakiwa bado kwenye foleni. Hesabu ya mpishi ilikuwa sawa: kilo moja ya mchele mkavu kwa watu 10 hadi 12, na alipima mwenyewe. Tatizo lilikuwa mikono miwili ya vijana wangu. Mmoja alikuwa anapiga upawa wa kusawazishwa. Mwenzake, mtoto wa moyo mwema sana, alikuwa anapiga wa kilima, na kwa mtu mwenye watoto anaongeza nusu. Wa mwanzo walishiba mno, wa mwisho wakapewa mkate na samahani. Mama mmoja alilalamika kwa sauti kwamba kila Alhamisi "watoto wa Kanisa" wakigawa, wanaochelewa wanaonewa. Kijana wangu alianza kulia. Nilimwambia malalamiko hayo yana umri kama wa Kanisa lenyewe: katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, wakanung'unika, na mitume hawakuwaambia washukuru walichopata. Walichagua watu saba wa kuisimamia kazi hiyo, Stefano akiwamo. Kwa hiyo manung'uniko ya foleni yasikilizwe kama taarifa. Baada ya hapo tunatumia upawa wa aina moja tu, sahani ya kwanza inagawiwa na mpishi mbele ya wote iwe kipimo, tunahesabu foleni kabla ya kuanza, na nyongeza haitoki mpaka wa mwisho amekaa. Moyo mwema una nafasi yake kwenye nyongeza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Katika kundi la tatu alikuwamo binti mmoja mtulivu, wa daraja la kati darasani, ambaye kila zamu alichagua kuosha vyombo. Nilimsifu kwa hilo mbele ya wenzake. Siku moja orodha yangu ilimweka kwenye ugawaji. Akanifuata kando, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, naomba leo pia niende kwenye vyombo." Nikamjibu kwa sauti ambayo wote waliisikia, sauti ya mwalimu anayetia moyo: "Hapana, leo shika upawa. Usiwaogope watu, hawang'ati." Wenzake wakacheka kidogo. Akachukua upawa.

Mtu wa tano au wa sita kwenye foleni alikuwa mwanamke na mtoto wa kiume wa miaka kama saba. Mtoto alifungua mdomo kutaka kusema kitu. Mama akambana bega, akanyamaza. Mwanamke akanyoosha sahani. Binti akampa, upawa umesawazishwa kama tulivyofundisha. Mama akasema "Asante, mwanangu," kwa namna ambayo mtu mzima yeyote humwambia mtoto yeyote, macho yakiwa kwenye sahani. Wakapita. Niliona yote hayo, sikuona chochote.

Zamu iliyofuata hakuja. Nikaandika kwenye daftari: hakuhudhuria, bila taarifa.

Mpishi mkuu ndiye aliyeniambia, akiwa anachambua mchele, hakuniangalia. "Yule mtoto alikuwa anakula hapa kabla hamjaja na basi lenu. Baba yake alipoachishwa kazi. Mama yake bado anakuja." Nilikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa nimetumia miezi kuwaeleza wanafunzi wangu kuhusu maskini, na muda wote huo katika mazungumzo yangu maskini alikuwa mtu aliyeko upande wa pili wa meza. Haikunijia kabisa kwamba miongoni mwa watoto 26 wanaolipiwa ada na wazazi, na wengine na parokia, wapo wanaojua ladha ya yale maharagwe kuliko mimi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akiwa ameketi dawati la tatu mbele yake.

Nilimwomba radhi, peke yetu, koridoni. Nilijiandaa kwa kila jibu isipokuwa lile alilonipa. "Mwalimu, chakula sikukionea aibu. Ni kwenye basi." Nikamuuliza kwenye basi kuna nini. "Mnasema wale watu. Kwenda mnasema wale watu, kurudi mnasema wale watu. Wewe pia."

Ni kweli nilikuwa nasema. Jaribuni kusikiliza basi lenu.

Mengine niliyobadilisha baada ya hapo ni madogo madogo. Mwanafunzi yeyote anaweza kuomba kubadilishwa kituo na haulizwi sababu, si na mimi wala na kiranja. Anayetaka kufanya huduma yake mahali pengine, kwa mfano kutembelea wagonjwa na Sista wa zahanati, anaruhusiwa, na daftari halionyeshi tofauti. Nina mwanafunzi aliyetimiza zamu zake zote kwa kumtunza bibi yake mgonjwa nyumbani, na sioni ni kwa nini hilo lisihesabiwe. Zile ibada za shukrani kwenye basi la kurudi, ambapo kila mmoja alikuwa anataja kwa nini anajiona amebarikiwa kuliko aliowahudumia, nilizifuta. Zilikuwa zinawapa watoto umaskini wa wenzao kama kioo cha kujitazamia. Sasa tunasali mwanzoni, jikoni, kwa kifupi, na wapishi, halafu tunanawa.

Na tunakula. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawabebea mkate na juisi wakale kwenye basi, eti tusipunguze chakula cha wahitaji. Mpishi mkuu aliudhika nalo kwa muda mrefu bila kusema, kisha siku moja akasema: "Mnapika chakula msichokila." Sasa hesabu ya watu wetu sita inaingia kwenye mchele, tunachangia mchele huo kutoka shuleni, na vijana wanaketi popote palipo na nafasi, si meza moja. Wiki za kwanza walikaa kama wako kwenye mtihani. Hakuna ujanja wa kuwafundisha kuzungumza, ila tuliwakataza maswali mawili: ilikuwaje ukafika hapa, na unaishi wapi. Mpira, mvua, chumvi imezidi, hayo yanatosha kuanza. Yule mzee wa sahani usoni aligeuka kuwa fundi saa mstaafu mwenye maoni makali kuhusu kila kitu, hasa namna vijana wangu wanavyokata vitunguu.

Usalama wa watoto sitaurefusha, ila usiusahau: barua ya ridhaa ya mzazi yenye kutaja mzio na namba ya dharura, watu wazima wawili wa shule kila zamu, hakuna mwanafunzi anayebaki peke yake na mtu mzima stoo au kwenye chumba kilichofungwa, hakuna kubadilishana namba za simu. Wapishi wenyewe walifurahi kuona tuna utaratibu. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na dawa ya kuungua. Tulilihitaji mara moja, mvuke wa mfuniko, mkono wa kushoto, na nilishukuru lilikuwapo.

Gharama ambayo haikuwa kwenye bajeti yangu ni uchovu. Alhamisi hizi zinanikuta nikisahihisha madaftari saa nne usiku. Nimepoteza vipindi, nimegombana na mwalimu wa taaluma, mafuta ya basi nimeyaombea kila muhula kama vile naomba mara ya kwanza. Na kuna huzuni isiyo na pa kwenda, kwa mfano ile wiki ambayo fundi saa hakuja, wala iliyofuata. Vijana waliuliza. Ilibidi niwaambie kwamba sijui, na kwamba nitaomba mpishi aulize. Alikuwa kalazwa, akarudi. Siku nyingine mtu harudi.

Ninachopigania sasa ni likizo. Tangu hayati Papa Fransisko alipoanzisha Siku ya Maskini Duniani, inayoadhimishwa Jumapili ya 33 ya Mwaka wa Kanisa (katikati ya Novemba) tangu 2017, jiko lile hupata wageni wengi wiki hiyo kiasi kwamba mpishi mkuu huwaandikia zamu za kupishana. Kwaresima vilevile. Halafu shule zinafungwa, na mwezi mzima Alhamisi inakuwa ya wapishi watatu na masufuria yaleyale. Njaa haina kalenda ya muhula. Mwaka jana niliwaomba waliokwisha kupata Kipaimara, wale ambao hawana tena fomu ya kujaza, kama wapo watakaokuja wakati wa likizo. Nilitarajia wawili. Walikuja watano, na wa tano alikuwa yule binti. Alikwenda moja kwa moja kwenye vyombo. Sikusema kitu, nikachukua kitambaa nikasimama kando yake kukausha.

Wiki iliyopita nilikwenda peke yangu kupanga zamu za kundi jipya. Mpishi mkuu alikuwa anapepeta, akaniachia ungo ili niendelee yeye akiangalia moto.

"Mwaka huu mko wangapi?"

"Thelathini na moja, Mama. Watakuja sita sita."

"Sawa." Akaonja, akaongeza chumvi kidogo, akaonja tena. "Kuna anayejua kumenya viazi?"

"Hapana."

"Basi waje saa moja na nusu."